Jina la Mbeyu Mgongoni

Ukunda, 22 Aprili 2024

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Boga,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo baba. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba Idi iliwapitia nyote kwa heri huko Ramisi. Mimi sijambo, na kazi ya kufua mashuka pale hotelini Diani inaendelea. Kwa kuwa masikio yako yamekuwa mazito, na wewe mwenyewe uliniambia simu kwako imebaki kuwa tochi tu, nimempa Alamin wa mkate akuletee barua hii mkononi.

Baba, nina jambo. Tarehe kumi na tatu mwezi wa kumi kutakuwa na mbio ndefu hapa kwetu, kilomita arobaini na mbili, kutoka Diani mpaka Gazi na kurudi. Nimejiandikisha. Utadhani nimekosea kuandika, basi narudia: mimi Hafsa, mwanao, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, nitazikimbia hizo kilomita zote.

Sikimbilii zawadi. Watu wanaoniunga mkono wameahidi kutoa chochote kwa kila kilomita nitakayomaliza. Kitakachopatikana kitanunua tuk-tuk yenye kitanda nyuma, ikae kwenye zahanati ya kijiji chetu, iwapeleke wajawazito hospitali Msambweni. Mwaka huu mdogo wangu Mbeyu angekuwa na miaka thelathini na moja, na mtoto wake angekuwa anakimbia uani kwako. Nimepanga jina la Mbeyu liandikwe mgongoni mwa nguo yangu, kubwa, lisomeke kutoka mbali.

Sikuandikii kuomba ruhusa, baba. Nakuandikia ili usiyapate haya kwa watu.

Mwanao,
Hafsa

*

Ramisi, 29 Aprili 2024

Kwa binti yangu Hafsa,

Waaleikum salaam. Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, nikitafuta mahali uliposema kwamba unatania. Sikupaona.

Wewe ni mjane. Ni binti wa mtu anayejulikana kuanzia hapa mpaka Lunga Lunga. Unataka kukimbia barabara kuu mbele ya madereva wa malori na watalii, huku watu wakikutazama mwili. Ukitaka kusaidia zahanati, toa sadaka kimya kimya, na Mungu ataiona.

Tena jina la marehemu halivaliwi kama tangazo la sabuni. Mbeyu ametangulia mbele ya haki, na siku yake ilikuwa imeandikwa. Mwache apumzike. Hilo nakukataza kabisa.

Mama yako mdogo anakusalimu. Mvua imeanza vizuri.

Baba yako,
Boga

*

Ukunda, 26 Mei 2024

Kwa baba,

Assalaam aleikum. Shikamoo.

Nimekawia kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza nijue kama miguu yangu ina ukweli. Wiki ya kwanza nilikimbia kutoka nyumbani mpaka kituo cha mafuta, nikatapika. Sasa nakwenda Mwabungo na kurudi, kilomita ishirini, kabla ya kuingia kazini.

Anayenifundisha ni Concepta, mpishi wa hotelini, mwanamke wa bara aliyekimbia sana alipokuwa shuleni. Maneno yake ni machache. "Hafsa, usikimbie kama mtu anafukuzwa," aliniambia siku ya pili. "Kimbia kama mtu ana pahali anaenda." Ananiwekea dafu na chumvi kidogo jikoni, na jua likiwa kali ananilazimisha ninywe hata nisipotaka.

Kuhusu mwili wangu usiwe na wasiwasi. Navaa suruali pana, kanzu inayofika magotini, na hijabu niliyoibana kwa pini nne. Hata hivyo wanaosema hawakosekani. Vijana wa bodaboda waliniita mkimbizi wa Somalia. Mwanamke mmoja wa hapa mtaani aliniuliza kama nimerogwa. Msimamizi wangu kazini alisema nikichelewa hata dakika moja kwa ajili ya upuuzi huu atanifuta kazi. Tangu aseme hivyo nafika nusu saa mapema, na kila asubuhi namsalimu kwa jina.

Baba, nimevumilia maneno ya watu nisiowajua. Lakini juzi mwenyekiti wa kamati ya zahanati alinipigia simu akaniambia kamati haitapokea chochote kinachokuja kwa jina la Mbeyu. Nilipomuuliza kwa nini, akasema nikamuulize mzee wangu.

Basi nakuuliza.

Hafsa

*

Ramisi, 2 Juni 2024

Hafsa,

Ndiyo, nilikwenda kwa kamati. Niliwaambia kwamba mimi baba yake Mbeyu sikubali. Nina haki hiyo.

Boga

*

Ukunda, 21 Julai 2024

Kwa baba,

Assalaam aleikum.

Ijumaa iliyopita Swabir alikuja kazini kwangu. Sikumtambua mara moja. Yule mkwe wako aliyekuwa akicheka hata akiwa peke yake amekonda, na mikono yake imejaa alama za moto. Bado ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Likoni, na hakuoa tena. Alisikia habari ya mbio akaja kuniambia kwamba kitanda na kiti cha mkunga ndani ya tuk-tuk atavitengeneza yeye, kwa mikono yake, bure.

Nilimpokea vibaya. Utanisamehe au hutanisamehe, lakini wewe unajua kwa nini. Nilikuwa kazini siku ile ya mwaka 2021, sikuyaona yaliyotokea. Niliyonayo ni yale mliyonisimulia: kwamba Mbeyu alikuja kujifungulia kwako, uchungu ukamshika saa sita mchana, ukaenda vibaya, mkampigia mumewe atoe ruhusa apelekwe Msambweni, naye alikuwa amezima simu, na ilipofika alasiri, wakaondoka wote wawili, mama na mtoto. Miaka mitatu ukoo mzima unamtazama Swabir kama mtu aliyezima simu mkewe akifa. Na mimi pia nilimtazama hivyo, nikamwambia usoni.

Hakukasirika. Aliniambia, "Dada, simu yangu haikuzimwa. Baba alinipigia saa saba. Nikasema hallo, hallo, nikamsikia anapumua tu, halafu akakata. Nikampigia mara tatu, hakupokea." Akasema siku ya mazishi alikuonyesha simu yake, zile namba na zile saa, ukaitazama kisha ukamrudishia.

Baba, ni kweli?

Usiniambie siku yake ilikuwa imeandikwa. Hilo nalijua. Nakuuliza yale yaliyofanywa na watu.

Hafsa

*

Ramisi, 18 Agosti 2024

Kwa binti yangu Hafsa,

Waaleikum salaam.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Mama yako mdogo anadhani naandika wosia.

Ni kweli.

Masikio yangu yalikuwa yameanza kufa miaka miwili kabla ya siku ile, na sikumwambia mtu. Msikitini nilikuwa nikimfuata imamu kwa macho. Sokoni nilikuwa nikitikisa kichwa. Nilikuwa mtu wa kusikilizwa katika kijiji hiki, na sikutaka kuwa mzee wa kupigiwa kelele.

Uchungu ulipomshika Mbeyu, mkunga alikuja. Saa saba akanitokea mlangoni na uso wake ukanitosha, sikuhitaji kusikia. Jirani yetu Johnstone, yule anayebeba miwa, alikuwa ameshageuza pikapu yake na kutandika godoro nyuma. Nikasema mwanamke wa watu hatolewi nyumbani bila mumewe kujua. Mama yako mdogo akataka kumpigia Swabir. Nikamzuia, nikachukua simu yangu, nikasema nitazungumza mimi. Nilizungumza nini, Hafsa? Niliiweka sikioni, sikusikia kitu, nikakata nikaiacha chumbani, nikatoka nikawaambia yake imezimwa. Wakati ule niliamini hivyo. Nikasema tungoje, atafungua.

Mkunga alinishika kanzu. Nikamwondoa mkono. Johnstone alingoja mpaka saa tisa, kisha nikampungia mkono aende na miwa yake.

Siku ya mazishi Swabir alinionyesha ile simu. Hapo ndipo nilipojua kwamba kijana alikuwa akiniita, nami nilikuwa nimesimama na sauti yake sikioni. Ningeweza kusema palepale. Watu walikuwa wengi. Nikasema nitasema baada ya hitima, kisha baada ya arobaini, kisha nikaona wameshamlaumu yeye na maisha yanaendelea.

Sikukukataza kukimbia kwa sababu ya madereva wa malori. Nilikukataza kwa sababu mtu akiliona lile jina atauliza alikufaje.

Sasa unajua.

Boga

*

Ukunda, 8 Septemba 2024

Kwa baba,

Barua yako niliisomea kazini, nimekaa juu ya rundo la mashuka machafu. Concepta aliniona akadhani nimefiwa. Nilimwambia nimefiwa upya. Siku iliyofuata tulikuwa tumepanga kilomita thelathini, nikazikimbia zote.

Hujaniomba msamaha, na mimi sina wa kukupa sasa hivi. Nikisema ninao nitakuwa naongopa, na uongo katika nyumba yetu umeshatosha.

Lakini sikiliza haya. Jina la Mbeyu nitalivaa. Watu wakiuliza alikufaje, nitawaambia alikufa akingoja ruhusa. Jina lako sitalitaja barabarani. Hiyo ndiyo heshima iliyobaki na nimeitunza.

Kwa Swabir, sitamwambia mimi. Nimefikiri sana juu ya hilo. Nikimwambia mimi, wewe utakuwa umenyamaza mara ya pili. Utamwambia kwa mdomo wako, na utawaambia na wale waliomlaumu.

Na kamati, uliwafungia mlango wewe, ukawafungulie wewe.

Hafsa

*

Ukunda, 16 Oktoba 2024

Kwa baba,

Assalaam aleikum. Shikamoo.

Hukujibu barua yangu, nami sikungoja. Nimemaliza, baba. Naandika nikiwa nimelala, vidole viwili vya mguu havina kucha na ngazi za hapa nyumbani nashuka kinyumenyume.

Tulianza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wenye miguu waliondoka kama mbuzi waliofunguliwa. Mimi nilibaki nyuma na wazungu wawili wazee na mwalimu mmoja mnene wa Kwale, na kufika Gazi hata hao walikuwa wamenipita. Jua lilikuwa limeshapanda. Nilipogeuza kurudi nilikuwa wa mwisho, na nyuma yangu lilikuwapo gari la waandaaji linalookota walioshindwa.

Karibu na Mwabungo paja la kushoto lilikaza nikasimama. Nilikuwa nimebakisha kilomita kumi na moja. Gari likasogea, msichana mwenye beji akateremka akanifungulia mlango. Alikuwa na adabu. Aliniambia barabara itafunguliwa saa sita, kwamba sitawahi, kwamba waliobaki wote wameshapanda na ndani kuna maji baridi. Dereva akasema nipande, kwani hakuna atakayenihesabia aibu.

Nilikiangalia kile kiti, baba. Nilikitamani. Kisha nikamwambia yule msichana, "Dada yangu alihitaji gari mchana mzima, akanyimwa. Leo limeletwa kwa ajili yangu, na sipandi."

Hakunielewa. Akasema ikifika saa sita hawatakuwa na dhamana nami. Nikamwambia hiyo dhamana naibeba mwenyewe.

Wanawake waliokuwa wakiuza viazi vya karai kando ya barabara walikuwa wakitazama. Mmoja, mtu mzima makamo ya mama, alikuja na kata ya maji akanimwagia pajani, akanisugua kwa nguvu mpaka nikalia. Akasoma mgongo wangu akauliza Mbeyu ni nani. Nikamwambia ni dada yangu, marehemu, alikufa akingoja ruhusa. Hakuuliza ruhusa ya nani. Akasema, "Haya, mpeleke." Akanisukuma kwa kiganja chake, palepale kwenye jina.

Nikampeleka.

Ukunda magari yalikuwa yameshaanza kuingia barabarani. Wale vijana wa bodaboda walionitukana mwezi wa tano walikuwepo. Mmoja alianza kucheka, mwingine akamzuia. Na hapo ndipo nilipomkuta Swabir. Alikuwa amengoja tangu asubuhi. Alitembea kando yangu upande wa magari ili yasinipige kumbo, kilomita tatu mpaka Diani. Hizo zilikuwa ngumu kuliko zote zilizotangulia. Mtu ananilinda, analaumiwa kwa kosa lisilo lake, na barua yako ya kukiri ninayo kabatini.

Tulifika saa saba kasoro dakika kumi. Viti vilikuwa vimeshakunjwa na lile lango la kujazwa upepo limelala chini limenywea. Concepta alikuwa amesimama juu ya mstari wa mwisho na aproni yake ya jikoni, akigombana na watu wawili waliotaka kuukunja mkeka wa kupimia muda. Aliwaambia wamkunje na yeye kwanza. Nikavuka. Medali walikuwa wameziweka kwenye sanduku. Nilisimama hapo mpaka wakalifungua.

Tuk-tuk itanunuliwa. Walioahidi wote wametimiza, na hotelini wageni wameongeza.

Nimekaa na siri yako kilomita tatu, baba. Sikai nayo tena. Mwaka ukiisha hujamwambia Swabir, nitampa barua yako aisome mwenyewe.

Mwanao,
Hafsa

*

Ramisi, 14 Januari 2025

Kwa binti yangu Hafsa,

Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba, mwanangu.

Najua umeshasikia mengine kwa watu, na tuk-tuk umeiona ikipita. Lakini mengine ni yangu kukwambia.

Mwezi wa kumi na mbili nilikwenda Likoni. Mama yako mdogo alitaka kunisindikiza nikakataa. Nilimwonyesha kila niliyekutana naye jina la Swabir kwenye karatasi mpaka nikafikishwa kwenye karakana yake. Alikuwa akichomelea kile kitanda. Nikamwambia akizime chombo chake, nikamweleza yote kama nilivyokuandikia wewe, nimesimama. Mafundi wenzake walikuwa wakisikia. Sikuwaondoa.

Alipoanza kunijibu, midomo yake ilikuwa ikitetemeka na sikuweza kuisoma. Nikamwambia, mwanangu, mimi ni kiziwi, niandikie. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya watu. Akachukua ile chaki wanayochorea alama kwenye vyuma, akaandika juu ya bati: *Nilisema hallo mara nyingi, baba.*

Aliiweka chaki chini. Alikaa chini na mimi nikakaa. Baadaye alivaa miwani yake akaendelea na kazi, nami nikamshikia vile vyuma mpaka akamaliza. Kama amenisamehe, hajaniambia, na sikumuuliza.

Kisha kulikuwa na mkutano wa kamati katika darasa la shule. Nilikuwa nimeshawaambia nimeondoa pingamizi langu na wakaipokea tuk-tuk. Wakaandika masharti. Mwenyekiti aliyabandika ukutani, na la pili lilisema mjamzito hatapandishwa mpaka mume au mlezi wake atie sahihi. Nikasimama. Nikawaambia walezi ni watu kama mimi. Nikawasimulia siku ya Mbeyu tangu saa sita hadi alasiri, na simu, na Johnstone, naye alikuwa amekaa pale nyuma. Nikasema Swabir hakuzima simu, na kila aliyemnyima mkono akampe.

Wengine waliinuka wakatoka. Wengine nadhani walisema maneno, lakini kwa hilo Mungu amenipunguzia. Mwenyekiti aliandika kwenye daftari akanisogezea: *Mzee, unajivunjia heshima.* Nikaichukua kalamu yake, nikaenda ukutani nikalikata sharti la pili, nikarudi kukaa. Hakuna aliyeliandika tena.

Dereva ni Biasha, yule mjane wa Mwero aliyekuwa akiendesha trekta shambani. Mgongoni mwa tuk-tuk Swabir ameandika MBEYU kwa rangi nyekundu. Herufi zimekwenda upande kidogo.

Jumatatu ya wiki iliyopita alikuja Cynthia, mke wa mmoja wa wakata miwa kutoka bara, uchungu umemshika, anatembea kwa kushika ukuta. Mimi siku hizi nakaa pale zahanati asubuhi, sina kazi nyingine. Ndugu wa mumewe alifika mbio akashika mlango wa tuk-tuk. Nilimwona akisema mume yuko shambani, wangoje aitwe. Nilikisoma kila alichosema. Maneno hayo nayajua bila masikio. Nikamshika mkono nikautoa mlangoni, nikamwambia Biasha aondoke.

Alikuwa na nguvu kuliko mimi, huyo kijana. Alinisukuma nikaanguka, na kiwiko changu bado kimevimba. Lakini tuk-tuk ilikuwa imeshaondoka.

Alipogundua haitarudi alikaa karibu nami, akangoja na mimi. Saa nane Biasha alirudi. Alijua sitamsikia, kwa hiyo tangu akiwa mbali alitoa mkono nje akaniinulia vidole viwili: mama na mtoto.

Baba yako,
Boga